Kondoo Dume Aliyetajwa Kasoro

Jumamosi, mnadani Msamala, mzee wa Lusewa alimleta kondoo dume wake mbele, akamwambia mnadi, "Tangaza kwanza kwamba kwato zake huoza masika."

Watu wakacheka. "Mzee, unauza au unaungama?" mmoja akauliza. Hakuna aliyetaja bei.

Tulipoanzisha mnada huu wa kondoo wa mbegu tulikuwa wafugaji sita tu, na kutaja kasoro lilikuwa sharti. Siku hizi za biashara huria malori yanakuja hata kutoka Njombe, na eti madume wote hawana dosari.

Mzee alikuwa ameshageuka kuondoka na dume wake, mama mmoja mgeni akamfuata.

"Shikamoo, baba. Niuzie huyo. Nimezunguka asubuhi nzima, na ni huyu peke yake ninayejua nitamtibu nini."