Maji Nitaomba kwa Nani?

Kuna siku moja ya kiangazi hainitoki kichwani, mwanangu. Nilikuwa msichana, hapa hapa Bashay, na malisho yalikuwa yamekwisha kabisa. Kaka yangu mkubwa alitaka kuingiza ng'ombe kwenye msitu wa kilimani, ule uliokuwa na chemchemi yetu. Baba akasimama njiani na fimbo yake.

"Nyasi nitaomba kwa mtu," alisema. "Maji nitaomba kwa nani?"

Kesho yake tukaswaga ng'ombe kushuka Basotu, kwa rafiki yake Gidamis, mfugaji Mbarbaig. Baba alimpelekea mahindi, na yule mzee akawapokea ng'ombe wetu bila kuuliza watakaa hadi lini. Hata sasa nikisikia harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, namwona Baba akicheka na rafiki yake, kila mmoja akikosea lugha ya mwenzake. Natamani ungewaona.

Wazee wale walipokufa, urafiki nao ukapoa. Msitu ukakatwa, kwanza mkaa, kisha mashamba. Chemchemi ikakauka, nasi akina mama tukaanza kufuata maji mbali, ndoo kichwani. Mgongo wangu huu unajua.

Sasa kijiji kimekifunga kile kilima. Bwana misitu alitueleza kwamba nchi yetu imeahidi mbele ya mataifa kurudisha misitu, na sera ipo. Nilimsikiliza vizuri, maana mimi si mtu wa kubishana na serikali. Lakini hapa kwetu ahadi hiyo anaishika yule mwenye fimbo ya kuchungia. Na siku hizi mwenye fimbo ni wewe.

Najua kesho mkutanoni vijana mnataka kilima kifunguliwe, mwezi mmoja tu, kwa sababu ng'ombe wamekonda. Wamekonda kweli, nimewaona na nimeumia. Ila visiki vimechipua hadi kifuani pangu, na juzi niliweka kiganja chini ya lile jiwe la chemchemi nikakuta udongo una unyevu. Nililia pale pale, mtu mzima mimi.

Basi nakushauri hivi: kesho usinyooshe mkono kilima kifunguliwe. Mjukuu wa Gidamis yupo Basotu, na simu unayo. Mpigie, mpe baba yake shikamoo, uombe nyasi. Ukishuka, beba mahindi.

Mungu akutangulie njiani, ng'ombe wako wanenepe, na mkeo asiijue kamwe ile njia yangu ya ndoo.