Fundi Aliyeogopa Breki Zake Mwenyewe

Umewahi kumwona fundi mzima, miaka thelathini gereji, anaogopa kupanda gari alilolifunga breki kwa mikono yake?

Mimi nimemwona. Tena nilimtega mwenyewe.

Tuanze mwanzo, maana hasira hii ina miaka mitano.

Wakati huo nilikuwa fundi kwenye gereji ya mtu tuliyemwita Bosi. Gari moja la zamani lilitoka pale, likakosa breki, likaingia ukutani. Mwenye gari, mzee mmoja mstaafu, akavunjika mguu.

Bosi akaniangushia jumba bovu. Akamwambia mzee mbele yangu, "Huyu dada alisahau kukaza nati."

Uongo mtupu. Breki zile alifunga yeye. Lakini nani angeniamini?

Mtaa mzima ukaanza kuniita Kata Breki. Wateja wakanikimbia. Mwanangu akarudi kutoka shule analia, eti ni mtoto wa Kata Breki. Siku hiyo niliapa kwamba jina langu litasafishwa na mdomo uleule uliolichafua.

Nikaishia kufunga matairi kwenye duka la rimu. Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, nani anaingia? Bosi. Na gari ni lilelile.

Mzee alikuwa ameamua kulifufua. Bodi na injini kamaliza Bosi, sasa walitaka rimu mpya pana, na breki za diski mbele badala ya zile za dramu.

"Kumbe bado unashika spana," Bosi akacheka. "Breki funga za mbele tu. Za nyuma usiguse, nimeshaweka kila kitu kipya."

"Sawa Bosi," nikamjibu, kwa ule upole wa mtu mwenye lake moyoni.

Sasa jamani, nitabadilishaje rimu za nyuma bila kuvua magurudumu ya nyuma? Hilo hakuliwaza, kwa kiburi tu.

Nikavua, nikachungulia. Mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu ilikuwa ileile ya kale, imechanikachanika. Kaipaka rangi nyeusi ionekane mipya. Nikaukunja mmoja kidogo, rangi ikabanduka. Gari la zamani kama lile, mpira mmoja ukipasuka, breki zote kwaheri.

Nikakaa sakafuni. Mguu wa mzee wa watu, machozi ya mwanangu, kumbe chanzo ni mchezo huuhuu wa kupaka rangi. Nilimchukia yule mtu.

Ningeweza kumwita mwenye duka aone. Lakini Bosi ana mdomo, angesema nimemwekea mimi. Nilitaka aseme mwenyewe.

Nikafunga magurudumu, nikanyamaza.

Duka letu lina sheria moja: aliyefunga breki ndiye anayepanda gari likijaribiwa mara ya kwanza, kwenye mteremko wa nyuma unaoishia ukutani. Bila hivyo gari halitoki.

Siku ya kuchukua gari, Bosi akaja na mzee. Mzee anachechemea na mkongojo wake. Aliponiona akageuza uso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akaitikia kwa shida. "Ningejua ni wewe, gari langu usingeligusa."

"Najua, mzee. Ndiyo maana napanda mwenyewe. Za mbele nimefunga mimi, za nyuma kafunga Bosi. Kwa sheria ya hapa, tunapanda wote wawili."

Bosi akacheka. Halafu mgongo ukaanza kumuuma. Halafu akakumbuka simu ya kupiga.

"Ni dakika moja tu, Bosi," nikamfungulia mlango. "Au kuna kitu?"

"Panda bwana," mzee akasema. "Jioni nambeba mke wangu humo."

Bosi akaushika mlango. Akautazama ule mteremko, akautazama ukuta.

"Mzee, ile mipira ya nyuma... bado ni ya zamani. Nilitaka kubadilisha wiki ijayo."

"Uliniambia ni mipya."

Bosi akaufunga mlango taratibu.

"Na mwaka ule nilipovunjika mguu?"

Bosi akainamisha kichwa. "Ilikuwa ya zamani pia."

Mzee akanigeukia. "Binti yangu, nisamehe."

Nikaingiza mkono kwenye ovaroli, nikatoa mipira miwili iliyochakaa, nikaiweka juu ya boneti.

"Hii hapa. Mipya nilifunga juzi."

Bosi akakodoa macho. "Kwa hiyo breki zilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa. Ungepanda, leo ungerudi nyumbani ukiwa bado fundi."

Nikashuka mteremko na mzee kando yangu. Gari likasimama hatua sita kabla ya ukuta.

Mnisamehe wenye mioyo laini, lakini usiku huo nililala usingizi mtamu kuliko wa miaka yote mitano.

Nawaachia hili: ukichukua gari kwa fundi, usimuulize kama breki ni nzima. Mwambie apande.