Nyuzi za Kahawia Bombani

Mwalimu Feliciana alikuwa na dharau, na hakujisumbua kuificha. Alipostaafu kufundisha baiolojia pale misheni, jirani na Njombe, wenzake walimpikia pilau la kumuaga. Akala, akafuta mdomo, akasema walimu wa siku hizi hawajui kutofautisha mwani na kuvu. Tangu hapo aliishi na hadubini yake kuukuu na viumbe wa majini, ambao, alivyosema, angalau hawaongei upuuzi.

Halfan, mwenye gesti kule Makambako, alipomwita aje kutazama kilichoziba bomba lake la kutoka bwawani, alikwenda amenuna. Madereva wa malori waliolala pale walikuwa wakioga maji ya kuteka kwa ndoo. Fundi Shedrack alikuwa ameshakata kipande cha bomba. Ndani mlikuwa mmejaa nyuzi za kahawia zenye matawi.

"Mizizi hii, Mwalimu," alisema Shedrack.

"Mizizi!" Feliciana alicheka kwa pua. "Ya mti gani? Hawa ni wanyama, baba. Brayozoa. Kila kijitundu kina mnyama wake, mdogo kuliko punje ya ulezi, anachuja maji apate kula."

Halfan akarudi nyuma. "Wanyama? Na wageni wanapigia mswaki maji haya!"

"Hawana madhara. Wenye madhara ni wajinga." Hata lenzi hakuitoa mkobani. "Plumatella hao, aina mojawapo ya brayozoa. Mbegu zao, vijidonge wanavyozaliana, zinaelea bwawani na kuingia na maji. Funga wavu laini mdomoni mwa bomba, umemaliza kazi."

Shedrack akazibua bomba kwa waya, wavu ukafungwa. Mvua zilipokatika, bomba likaziba vilevile. Shedrack ndiye aliyempigia simu, na furaha ilisikika sautini mwake.

Safari hii Feliciana alizibeba nyuzi zikiwa hai, ndani ya maji ya bwawa lenyewe, hadi kwake Njombe. Akaziweka kisahanini chini ya hadubini, akasubiri zitulie. Wanyama wakachomoza taratibu minyiri yao ya kunasia chakula. Minyiri ya Plumatella hujipanga kama kiatu cha farasi, wazi upande mmoja. Hii ilikuwa duara kamili. Akapasua uzi mmoja kwa sindano. Mbegu zilikuwa na umbo la harage, hazina ule ukanda wa hewa unaozielesha. Ilikuwa Fredericella, aina nyingine ya brayozoa, ambayo mbegu zake hubaki zimenasa humo humo bombani. Wavu ungezizuiaje?

"Mpumbavu wewe," alisema kwa sauti, na chumbani hamkuwa na mtu mwingine.

Akarudi Makambako. "Nilitaja jina bila kutazama," alimwambia Shedrack mbele ya madereva. "Mwanafunzi angefanya hivyo ningempa sifuri."

"Kwa hiyo huenda ni mizizi?"

"Shedrack, haitakuwa mizizi hata Yesu akirudi. Leta brashi ndefu. Bomba lote, ndani, usiache kona."

Walisugua hadi jioni, yeye amesimama juu yao akigomba. Maji yakatoka kwa nguvu. Halfan akamletea chai. Feliciana akaionja, akauliza ni nani aliyenunua majani mabovu namna ile katika mkoa unaolima chai. Kisha akaomba kikombe cha pili.