Frigo Iliyolazwa Koridoni

Fundi anawezaje kuponya kitu ambacho wenyewe wamemficha namna kilivyougua? Swali hilo liliniondolea usingizi kwa majuma mawili. Nilikuwa nikijiambia kwamba chuma hakisikii maneno, kwamba fundi hodari ataifungua frigo na kujionea kila kitu, mimi nikisema au nisiposema. Kisha nilijiuliza: na asipoona? Nikaanza upya.

Frigo yenyewe, yaani jokofu, ilikuwa ya mafuta ya taa, nyeupe, ikinifika kifuani, na nyuma yake chini kulikuwa na utambi uliowaka mchana na usiku. Papa alikuja nayo kutoka Yangambi, alikofanya kazi miaka mingi katika maabara ya mbegu. Vita vilipofika Kisangani na umeme ukawa wa kubahatisha, frigo za majirani ziligeuka makabati ya unga na nguo. Yetu iliendelea kupoza. Ndani yake hamkuwa na bia wala nyama. Mlikuwa na maji ya kunywa, na kwenye rafu ya juu, chupa za insulini ya Papa.

Siku hizo mto ulikuwa umefungwa. Meli hazikupanda kutoka Kinshasa, na dawa ilifika kwa ndege, mkononi mwa mtu anayemjua mtu. Papa alikuwa na chupa sita. Chupa iliyofunguliwa huvumilia joto majuma machache, lakini zile zinazongoja zamu yake zinahitaji baridi. Chupa sita zenye baridi zilikuwa miezi kadhaa ya uhai wake. Chupa sita bila baridi, hakuna aliyejua ni nini.

Papa alikuwa na sheria moja kuhusu frigo: isisogezwe. "Hii ni kama mutu ndani ya misa," alisema. "Inasimama wima. Mutu asiiguse."

Niliigusa mimi.

Mapigano yalipoanza Papa alikuwa ng'ambo, Lubunga, kwenye matanga ya shemeji yake, na chupa moja ndani ya termosi. Majeshi mawili ya kigeni, yaliyoingia mjini kwetu yakiwa marafiki, yalianza kurushiana mabomu katikati ya nyumba zetu. Pirogi, mitumbwi ya kuvukia mto, zikaacha kuvuka. Mimi na Mama tulijilaza koridoni, mahali pekee pasipo na dirisha, na siku ya kwanza risasi ikapita sebuleni, ikatoboa picha ya ubatizo wangu, ikazama ukutani. Nikafikiri. Hiyo ndiyo kazi niliyoiweza: kufikiri. Nikapiga hesabu ya unene wa bati, ya pamba iliyo kati ya bati na bati, na nikamwambia Mama tuizime frigo, tutoe chupa, tuilaze kwenye mlango wa korido.

Mama alizifukia chupa tano ndani ya mtungi wenye mchanga mbichi. Kisha tuliisukuma frigo, tukailaza kwa ubavu, tukajilaza nyuma yake. Tulikaa hapo siku tano. Hakuna risasi hata moja iliyoigusa.

Milio iliponyamaza, mtu alipita akisema pirogi zimeanza kuvuka. Tuliisimamisha haraka, tukairudisha mahali pake, tukawasha utambi saa ileile. Mama akafagia vumbi la ukuta. Kesho yake Papa alifika, akatushika vichwa mmoja baada ya mwingine, akalia, akanywa maji, kisha akafungua frigo. Ilikuwa na joto kama sanduku.

"Iliacha siku gani?" aliuliza.

"Wakati wa mabomu," Mama alijibu, macho kwenye ufagio. Hapo hakuwa amedanganya. Mimi nikaongeza: "Ilizimika yenyewe, Papa."

Baadaye jikoni Mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Frigo haina mudomo. Wewe na mimi tu ndio tunajua."

Sikuogopa kupigwa, nilikuwa mtu mzima mwenye shahada. Shahada yenyewe ndiyo iliyonifunga mdomo. Nilikuwa nimesoma kemia. Papa aliuza baiskeli yake ili nimalize mwaka wa mwisho, na kila mgeni aliambiwa habari hiyo kabla hajapewa kiti. Niliweza kuchora kwenye karatasi jinsi amonia iliyofungwa pamoja na maji ndani ya bomba la frigo inavyochemka, inavyopanda, inavyopoza na kurudi majini. Lakini nilipoishika frigo ya kweli niliilaza kama godoro, na wala sikujiuliza yale maji yake yataelekea wapi.

Naye akanipa kazi ya kutafuta fundi. "Wewe ndiye ulisoma," alisema. "Unitafutie fundi wa kweli. Mwizi sitaki."

Kazi haikuwa ndogo. Vita vilikuwa vimegeuza watu wengi: mwalimu asiyelipwa alilala mwalimu akaamka fundi wa redio. Nilinunua daftari nikaandika maswali matatu ya kuwauliza wateja wa kila fundi. Kilipona? Kilidumu? Na alirudisha vyote alivyochukua? Swali la tatu lilikuwa la wakati ule, maana vitu vilikuwa vinatoka nyumbani na moyo wake na kurudi na moyo wa kitu kingine.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi wa mjini, mwenye kibao cha buluu karibu na soko. Alivaa ovaroli safi na alining'iniza saa ya kupimia gesi shingoni kama daktari. Aligongagonga bomba, akaweka sikio.

"Gesi ilitoka," alisema. "Tunakata hapa, tunajaza, tunachomelea. Lakini si hapa. Kwa atelye yangu."

Papa, mtu wa maabara, alitikisa kichwa. "Amonia ikitoka inanuka. Tungesikia."

"Papa, ilitoka wakati wa baruti. Nani angesikia?"

Papa hupenda kuliiga jibu hilo mbele ya wageni hadi leo. Siku ile halikumchekesha.

Nilienda kuwauliza wateja wake. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye duka la jumla na frigo mbili za umeme, alinisikiliza huku akifunga magunia ya maharage.

"Yule? Anakuja mbio, wallahi... eh, samahani, mimi ni Mukatoliki. Anakuja mbio kweli. Na juma linalofuata anakuja tena mbio. Sasa nimemuzoea kama mukwe."

"Lakini ilipona?"

"Inapona kila mara," alisema.

Niliandika hilo daftarini na sikujua niliweke upande gani.

Ni sista wa zahanati moja ya ng'ambo aliyenitajia wa pili, mzee wa Lubunga aliyetunza frigo za chanjo kwa muda mrefu. "Hasemi mengi," sista aliniambia. "Anauliza mengi. Umujibu tu."

Yule mzee alivuka na pirogi siku ya Jumatatu, kandambili miguuni, na mkononi kichupa cha maji kilichojaa nusu. Hakugusa bomba. Alikilaza kichupa juu ya frigo, akatazama maji yanavyokaa, akachomeka kipande cha ubao chini ya mguu mmoja, akatazama tena. Kisha akaketi kwenye kigoda na kuanza kuuliza. Mafuta ya nani? Moto una rangi gani? Nani anasafisha masizi? Papa aliacha kila swali lije kwangu, kwa fahari.

"Universite," mzee akasema, akiniita jina ambalo mtaa wote uliniita tangu nipate shahada, "hii frigo ililala?"

"Hapana, papa fundi."

"Hata kuegama kidogo? Mutu aliisukuma?"

"Hapana."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Aliiweka mezani bila kunitazama.

Mzee alijikuna kidevu. "Alors, sielewi. Kama ililala, ningejua. Damu yake inaenda kwa njia si yake. Unaigeuza kichwa chini, unaiacha, unaigeuza tena, unaiacha isimame bila moto, inakumbuka. Nimefanya vile mara nyingi. Lakini kama haikulala, bomba imeziba ndani. Mi sina dawa ya ile. Mumupe yule mwenye kukata."

"Na akikata?" Papa aliuliza.

"Akikata, papa, ni mwisho. Hii haijazwi. Ni kama yai."

Alikunywa chai yake, akakataa chochote kingine, akarudi mtoni.

Kila asubuhi Papa alichomeka kipimajoto chake cha Yangambi kwenye mchanga wa mtungi. Digrii ishirini na sita. Kesho yake, ishirini na sita. Aliinua chupa moja moja kwenye mwanga wa dirisha kuona kama dawa imeanza kuwa na ukungu, na kila mara alisema, "Bado iko muzuri," kwa sauti ya mtu anayejisemea. Siku ya Jumatano aliamua: afadhali kujaribu kuliko kutazama. Fundi wa mjini aichukue Alhamisi.

Nami nilifanya nini? Nilifungua notisi zangu za chuo nikajitafutia utetezi. Labda frigo hii ni ya aina nyingine. Labda ilikuwa imekwisha kuchoka kabla ya mabomu. Labda kugeuza kitu kichwa chini ni imani tu ya wazee, na mimi, mwenye shahada, nitachekesha nikiitetea. Niliandika kurasa mbili kuthibitisha kwamba siku tano za kulala haziwezi kudhuru, na nilipofika mahali pa kuandika "kwa hiyo", kalamu ilisimama, kwa sababu kila mstari uliotangulia ulisema kinyume.

Alhamisi mkokoteni ulifika mapema, na wanaume wawili wenye kamba. Fundi mwenyewe hakuja. Waliitoa frigo nje, na kwa kuwa mkokoteni ulikuwa mfupi na njia ilikuwa imejaa mashimo ya mabomu, mmoja akainamisha kichwa cha frigo ili ailaze.

"Isilazwe!" Papa alipiga kelele. Alitoka barazani bila viatu, akaikumbatia frigo kwa mikono miwili. "Nyinyi watu, hii hailazwi! Mutaiua!"

"Papa," nilisema, "ilishalala."

Aligeuka.

"Mimi ndiye niliyeilaza. Wakati wa mabomu. Koridoni."

"Eh!" mmoja wa wenye mkokoteni akacheka. "Universite imelaza frigo usingizi!"

"Funga mudomo wako," Mama alimwambia. Kisha akasema, "Tuliilaza wawili, baba. Si yeye peke yake."

Papa bado alikuwa ameikumbatia. "Siku ngapi?"

"Tano."

"Na mukawasha moto lini?"

"Tulipoisimamisha. Saa ileile."

Alifumba macho. Nilijua anaona mambo yote ndani ya bomba lile, kwa mpangilio, kama nilivyopaswa kuyaona mimi. Alipoyafumbua hakunitazama kama nilivyoogopa, kana kwamba shahada yangu imeandikwa usoni pangu na imefutika.

"Mulilala nyuma yake?"

"Ndiyo, Papa."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Donc, ulitaka nirudi nikute frigo nzima na nyinyi mumekufa? Ndiyo ungeona raha kunieleza?" Sauti yake ilipanda. "Majuma mawili! Dawa iko ndani ya muchanga, na wewe unaandika daftari!"

Nilifungua kamba mimi mwenyewe. Wale wanaume walilalamika, wakasema tajiri wao atakasirika, nikawaambia anilaumu mimi, nikawatajia nyumba na barabara ili asikosee. Kisha nikaenda ufukweni karibu mbio, nikapanda pirogi ya kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu mabomu sikujiuliza nitaanzaje kusema.

Nilimkuta mzee wa Lubunga nyuma ya nyumba yake, anasugua masizi kwenye bomba la taa.

"Papa fundi, ililala siku tano. Nilikudanganya."

Hakuacha kusugua. "Ubavu gani?"

"Wa kushoto."

"Mulingoja kabla ya kuwasha?"

"Hapana."

"Universite, universite," alisema, akajifuta mikono kwenye suruali, akatafuta kandambili zake.

Tulifika nyumbani kabla ya jua kuwa kali. Tulimwaga mafuta, tukachomoa utambi, tukatoa rafu. Mzee alisema kichwa cha frigo kisigonge saruji, basi nikaleta godoro langu nikalitandika sakafuni. Papa alishika miguu ya mbele, Mama ya nyuma, mzee akaishika mgongoni, nami nikashika ubavu wa kushoto. Akahesabu kwa Kilingala, polepole, moko, mibale, misato, na tukaigeuza.