Mita Sitini Kutoka Chemchemini

Mimi nashona Omurushaka, kwenye baraza la duka la vitambaa, na kwa miaka mingi maji yangu nimekuwa nikiyanunua kwa watu wa baiskeli. Bomba tunalo. Linatoa maji masika, wakati hata mabati yanatoa maji, kisha kiangazi kikianza linatoa upepo. Basi kiangazi unanunua, na bei anaipanga mwenye baiskeli kwa kukutazama usoni, aone una kiu kiasi gani. Nimegombana nao sana. Nina mdomo, sikatai.

Kiangazi kimoja, si cha zamani, nilinunua madumu mawili asubuhi nikaloweka nguo. Sabuni ikatoa povu papo hapo. Anayeishi mjini kwetu atanielewa: maji ya visima vya kuchimba yana chumvi, utasugua sabuni mpaka iishe na povu usilione. Nikayaonja. Nikachemsha chai, nikaionja nayo, halafu nikakaa chini. Yalikuwa maji ya nyumbani, ya chemchemi iliyo chini ya kibanja cha mama yangu, kata ya Nyakakika. Maji yale nimeyanywa tangu nikibebwa mgongoni, hakuna wa kunidanganya.

Yule wa baiskeli aliporudi nilimwuliza ameyatoa wapi.

"Kwenye boza, dada, lile lori la maji. Linakuja kila asubuhi, sisi tunajaza pale barabarani."

"Na boza linayatoa wapi?"

"Hayo ya boza kaliulize boza."

Hasira niliyokuwa nayo wiki ile niliimaliza kwa kuharibu gauni la watu. Jumamosi nikapanda bodaboda, nikaenda kwa mama.

Kabla sijafika nyumbani nilishuka bondeni kwanza. Njia ya miguu tuliyopita utotoni ilikuwa imepanuliwa na magurudumu, majani yamelala, na palinuka dizeli. Wanawake saba au wanane walikuwa wamekaa juu ya madumu yao wakisubiri. Zamani hapakuwa na kusubiri, ulikuwa ukiinama tu unachota. Sasa kidimbwi kilikuwa kimeshuka mpaka mawe ya chini yanaonekana, mawe ambayo mimi sikuwahi kuyaona maishani mwangu. Niliwasalimia, wakaitikia kwa kunong'ona kama watu walio msibani.

Mama nilimkuta anatandaza nyasi kwenye migomba. Alikuwa amevuka sabini, anaishi peke yake. Kaka zangu wako mbali, wanapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Baba yuko pale pale kibanjani, katikati ya jiko na mteremko wa kwenda bondeni, chini ya saruji tuliyomwagia mwaka aliofariki. Pembeni yake mama aliacha nafasi. Hapandi kitu pale, anapalilia tu. Sisi hatukuwahi kuizungumzia ile nafasi, kila mtu aliijua ni ya nani.

"Shikamoo mama. Nani amemruhusu mwenye boza?"

"Marahaba. Hata hujakaa." Akanyoosha mgongo. "Nimemruhusu mimi. Alikuja vizuri, akanisalimia, akaomba maji."

"Mama, yule anayauza."

"Mimi sikumwuliza anayapeleka wapi. Na wewe hujawahi kumwuliza mtu anayapeleka wapi. Amekuja na chombo, mwanangu. Chombo chake ni kikubwa, basi."

Niseme hili ili nieleweke. Kwetu nyumba iliyo juu ya chemchemi haina haki yoyote juu ya maji, ina kazi tu. Mama alifagia ile njia na kutoa tope kila baada ya mvua kubwa, kama alivyofanya mama mkwe wake. Anayekuja na chombo hanyimwi, awe rafiki, awe adui, awe mgeni asiyejulikana kwao. Kumnyima mtu maji ni kujitakia laana. Katiba ya mama yangu ilikuwa hiyo tu, na ilitungwa na watu ambao chombo kikubwa walichokijua kilikuwa mtungi. Nilibishana naye mpaka chakula kikapoa. Aliniambia nimekaa mjini mpaka nimesahau adabu.

Nikaona dawa ni serikali. Serikali si ndiyo inayosema maji ni mali ya umma? Basi ije iulinde umma. Niliandika barua usiku huo huo nikiwa chumbani kwa mama, kwa mwandiko wangu mzuri wa darasa la saba, kwamba sisi wananchi tunaomba chanzo chetu cha maji kilindwe kisheria. Asubuhi nikawapitia majirani wawili wanawake, wakaweka sahihi. Mama sikumwambia. Nilijua angesema nimemnyima mtu maji kwa kalamu. Jumatatu nikaipeleka mwenyewe ofisi ya maji, wakaigonga muhuri, nikarudi kwenye cherehani yangu nikijiona shujaa.

Ilipita miezi. Kisha simu ikalia, maana namba iliyokuwa kwenye barua ni yangu: maofisa wanakuja Alhamisi. Nikatangulia nyumbani, nikamdanganya mama kwamba nimefuata ndizi.

Walikuja wawili, dada mmoja kijana na mzee mmoja mwenye kofia. Watu wa heshima kabisa. Walimwamkia mama, wakavua viatu, wakanywa uji. Yule dada akafungua faili, akatabasamu. "Mama, kijiji hiki kina watu wenye mwamko. Tulipata barua nzuri sana ya..."

"Niwaongezee uji," nikasema, na kikombe chake kilikuwa hakijafika nusu. Akafunga faili.

Wakamwuliza mama chemchemi ni ya nani. Akawajibu jibu alilofundishwa, kwamba si yake, ni ya watu wote. Yule mzee akaandika. Wakashuka bondeni na futi ya kamba, mimi na mama nyuma yao, na wakaanza kupima kutoka kwenye jicho la maji kupanda mteremko. Walipita kahawa. Walipita migomba ya kupika na ile ya pombe. Kamba ikapita juu ya saruji ya baba, yule dada akainyanyua kidogo isiguse, adabu ya namna yake. Ikaishia kwenye kizingiti cha jiko.

"Mita sitini," yule mzee akasema.

Alieleza taratibu, bila ukali. Ndani ya mita sitini za chanzo cha maji hairuhusiwi kulima, kufuga, kutupa taka wala kuzika. Migomba itaondolewa, patapandwa miti ya asili. Kaburi litahamishwa kiangazi kijacho, kwa heshima zote, na familia itashirikishwa. Mama akauliza kama atalipwa migomba yake. Mzee akatazama alichoandika, akasema suala hilo litaangaliwa, ila mama mwenyewe ameeleza kwamba eneo la chanzo ni la watu wote.

Ninachoshindwa kukisamehe ni kwamba sheria yenyewe haina ubaya. Mbolea ya ng'ombe tunayotia kwenye migomba inashuka wapi mvua ikinyesha? Inashuka kule kule tunakochota. Nimemaliza shule, hilo nalijua. Ningekuwa mimi ndiye ofisa, ningeshika kamba ile ile. Ndiyo maana hasira yangu haikupata pa kukaa, ikanirudia.

Wakapigilia vigingi, wakavipaka rangi nyekundu. Boza halikuonekana wiki tatu, na majirani wale wawili wakaanza kunipigia simu kunipongeza. Wiki ya nne likarudi. Safari hii dereva alikuwa na karatasi ndani ya plastiki, kibali halali cha kuchukua maji kwa kiasi maalumu, chenye muhuri. Mwenye boza alikuwa ameomba, amelipa ada, amepewa. Hakuvunja sheria yoyote. Wanawake wenye madumu wao hawakuwa na karatasi, na mlinzi aliyewekwa akawapangia saa za kuchota. Simu za pongezi zikakoma.

Mkutano wa kijiji uliitishwa ili watu waelezwe. Tulikaa uwanjani nje ya ofisi, mimi na mama bega kwa bega. Mtendaji akasoma mambo yake, watu wakauliza maswali yao, wengine wakazomea. Mwishoni mama akasimama. Hakuwahi kusimama mkutanini maisha yake yote. Alizungumza Kinyambo, taratibu.

"Serikali haiwezi kuijua njia ya kwangu bila mtu kuionyesha," akasema. "Kuna mtu aliwaita. Simjui, na sitaki kuambiwa. Wanamfukua mume wangu kwa sababu yake. Basi nasema mbele yenu: siku yangu ikifika, mkono wa mtu huyo usinitie udongo."

Akakaa. Kwetu neno la namna hiyo mtu hulisema mara moja na halifutiki, hata mchungaji haligusi. Wale majirani wawili walikuwa wamekaa mbele yetu kidogo. Mmoja aligeuka, akanitazama mimi, si mama, akarudisha uso mbele. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilikuwa nimelichuma, na aliyekuwa analila ni mama.

Tangu hapo nimejaribu kusema. Nimeondoka Omurushaka Jumamosi baada ya Jumamosi nikiwa nimelipanga neno, nikifika nakuta amekonda zaidi ya wiki iliyopita. Anakohoa. Zahanati wanampa dawa, anazimeza, anakohoa. Vile vigingi vyekundu anavipita akienda kupalilia ile nafasi, na mlinzi anajifanya hamwoni. Namwogopa sana yule jirani aliyenigeukia. Akija kumjulia hali mama, nakatisha kazi yangu nakaa nao, nacheka maneno yasiyochekesha, mpaka aondoke. Mwanamke yule hajasema kitu. Ananiaga kwa kunishika mkono muda mrefu kuliko kawaida.

Jumamosi iliyopita tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Kiangazi kimeshaanza, na kwenye kizingiti karatasi ya tarehe ya kuhamisha kaburi ilikuwa imebandikwa. Mama akasimamisha kisu.

"Kaka zako watachelewa," akasema. "Barabara ni ndefu, na wana kazi zao. Sitaki nisubirishwe. Nimeshamwambia mchungaji kwamba udongo wa kwanza utanitia wewe."

Alikuwa ananitazama, anangoja jibu.

"Ndiyo, mama," nikasema, nikaendelea kumenya.