Mawese kwenye mashini ya mama mukwe

Mashini ilikuwa ya mama mukwe wangu. Alipofariki alituachia sisi wawili, mimi na wifi yangu, yaani binti yake, bila kusema nani aitumie saa gani. Tulijipangia wenyewe: wifi asubuhi, mimi mchana, kwa sababu asubuhi niko shambani. Ni mashini ya kushona, nyeusi, ya kizamani, ya kukanyaga kwa miguu. Iko katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, hapa Baraka.

Kiangazi kilichopita wifi alianza kulalamika. "Wifi, mashini iko nzito. Minakanyaga mpaka magoti inauma." Mimi nikikaa mchana, inaenda vizuri. Siku moja, mbili, juma zima. Nikaona hesabu iko wazi: mashini ni moja, wanaoikanyaga ni wawili, basi mmoja anaiumiza. Mimi niliishia darasa la sita, lakini hesabu hiyo niliiamini.

Kufikiri hivyo si kosa sana. Kosa ni kwamba nilisema mbele ya watu. Bamama watatu walileta vitambaa vya sare, maana shule zilikaribia kufunguliwa, wakamkuta wifi anapigana na gurudumu. Siku hiyo mimi nilikuwa nimerudi mapema kutoka shambani, nikasema huku nacheka: "Huyu anakanyaga mashini kama anatwanga mihogo. Ataiua."

Bamama wakacheka. Wifi hakucheka. Alikunja vile vitambaa vya bluu kimoja kimoja, akamrudishia kila mama chake. "Mupelekeye fundi mwenye kujua." Kisha akanigeukia: "Na we, baki na mashini yako."

Hakurudi. Sare ndiyo kazi yake kubwa ya mwaka. Mimi nashona viraka na mapazia tu. Kwa hiyo nilijua nimemnyima nini, na bado nilijiona nina haki.

Asubuhi moja niliumwa kichwa, sikuenda shamba. Kulikuwa na ubaridi, upepo unatoka ziwani. Nikakaa kwenye mashini, ikagoma. Nilisukuma gurudumu kwa mikono miwili, wapi. Nikajiambia, basi wifi ameisha kuiharibu kabisa. Ndivyo nilivyowaza, naandika kama ilivyokuwa.

Nikaifungua. Mimi si fundi, kwa hiyo kila skrubu niliyotoa niliipanga kwenye sinia kwa zamu yake, nisije nikapotea wakati wa kurudisha. Chini ya kibati cha sindano, meno yanayosukuma kitambaa yalikuwa yamejaa vumbi la nyuzi. Hilo si ajabu. Lakini nilipolaza kichwa cha mashini nikaona kwenye vyuma vya ndani kitu chekundu-chekundu, kimeganda kama mafuta ya sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, iliyolala. Nikagusa. Nikanusa. Mawese.

Sikuwa na wa kumuuliza, niliyatia mimi mwenyewe. Wakati wa mvua mafuta ya mashini yaliniishia, barabara imekatika, dukani hakuna. Nikaengua mawese, ile nyepesi ya juu, nikaichuja kwa kitambaa, nikatia kwenye kila tundu. Nilijiona mwerevu. Wifi sikumwambia. Na mawese, kila mwanamke wa hapa anajua, asubuhi ya baridi yanaganda kwenye chupa mpaka uyaweke juani. Mimi mwenyewe huyaweka. Ila sikuwaza kwamba ndani ya chuma yatafanya vile vile. Wifi alikuwa anakanyaga mawese yaliyoganda. Mimi nilikuwa nafika yakiisha kuyeyuka.

Nilisafisha siku nzima, kwa petroli ya taa na unyoya wa kuku, kwa sababu unyoya unaingia pale kitambaa hakiingii. Nilikuta pia sindano imepinda kidogo, na kosa hilo ni la wifi: anapenda kuvuta kitambaa. Jambo hilo lilinifurahisha kidogo, sitaficha. Jirani mmoja fundi wa saa alinipa mafuta ya kweli, kidogo tu kwenye kifuniko. Sikuijaribu mchana. Mchana ungenidanganya tena. Nilingoja asubuhi, nikasukuma kwa kidole kimoja, gurudumu likazunguka.

Nikaenda kwake. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso mpaka nilipomaliza kumweleza.

"Mawese?"

"Mawese."

"Ya kula?"

"Ile ya juu. Niliichuja."

Akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Wifi, ungetia na chumvi!" Kisha akaanza kuokota maharage. "Sasa unaniambia mi. Mi nilijua miguu yangu haina kosa. Bale bamama, nani atabaambia?"

Nilikuwa nimefikiri kumwomba msamaha nyumbani kwake kunatosha. Kwa kujitetea nikataja sindano.

"Sindano ni mi, nakubali," akasema. "Lakini sindano haikunicheka mbele ya batu."

Tukaenda wote wawili, siku hiyo hiyo. Mama wa kwanza alitoa kitambaa kingali kwenye mfuko. Wa pili akasema atakileta. Wa tatu alikuwa ameisha kumpa fundi mwingine, na hakuona kwa nini amnyang'anye, sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye niliyesema kila mahali. Wifi alisimama nyuma yangu, mikono kifuani, na kwenye kila mlango, nilipofikia kusema nilitia nini, akanigusa mgongo:

"Sema mawese. Usiseme 'mafuta'."