Uzi wa Shaba Ndani ya Kabureta

Jirani yangu, mama wa Kikongo anayeishi upande wa pili wa ukuta wangu wa udongo, alinijia Jumapili baada ya ibada, mkono kiunoni. Muuguzi wa hapa kambini Nakivale alikuwa amekataa kumzalisha. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, kwa hiyo huyu wa pili sharti azaliwe katika hospitali kubwa ya Mbarara, na ilipasa afike huko Alhamisi, kabla uchungu haujaanza. Mume wake alikuwa Kampala akitafuta kazi. Gari nilikuwa nalo mimi. Nikamwambia, usihofu dada, nitakupeleka. Mdomo wangu una tabia ya kutangulia.

Jumatatu nilipeleka magunia ya mahindi Ngarama. Katika mlima wa kwanza gari likaishiwa nguvu, likapiga chafya kwenye kabureta, paa, paa, likazimika. Liliwaka tena nilipovuta choki, ile ya kuwashia gari wakati wa baridi, inayoibania injini hewa ili petroli izidi. Nilirudi nyumbani choki ikiwa imevutwa nusu, na jasho likinitoka.

Tangu hapo sikutulia. Nilikuwa kama kuku anayetaka kutaga: nakaa, nainuka, nafungua boneti, nafunga. Nilimwendea mama anayetuuzia petroli kwenye chupa nikamwambia ananichanganyia maji. Hakubishana. Alimwaga kidogo chini, akawasha kiberiti, moto ukaruka hadi tukarudi nyuma sote wawili. "Haya, maji ndiyo yanawaka hivyo?" akaniuliza mbele ya watu. Jumanne nikabadilisha plagi zote nne. Hali ikawa ile ile. Kila asubuhi niliwasha gari uani, likakohoa, nikalitukana kwa Kirundi.

Jumatano nikaenda Mbarara, choki nusu njia nzima, kwa fundi mmoja anayefanya kazi kwenye uwanja wa wazi karibu na mto Rwizi, ukielekea Nyamitanga. Alifungua plagi zangu mpya, za siku moja tu, akanionyesha ncha zake, nyeupe kama jivu. Halafu akatoa kifuniko cha chujio la hewa, akawasha injini, akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, si wote, nusu tu. Injini iliyokuwa ikitetemeka ikatulia, ikanguruma vizuri. Akaondoa kiganja, ikaanza tena kukohoa.

"Gari yako iko na njaa, ssebo," akasema. "Hewa mingi, mafuta kidogo."

Akaanza kufungua kabureta. Nikaondoka nikajifanya natazama mto. Nilirudi, nikaondoka tena. Ukweli ni kwamba nilijua atakachokuta humo, nilijua tangu Ngarama, ila nilikuwa nimemlaumu mama wa watu na plagi zisizo na kosa ili nisikifikirie. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwetu Burundi nilijifunza udereva wakati petroli ilipokuwa adimu. Tulikuwa tukilala kwenye foleni. Madereva walinifundisha kuchomoa uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa redio na kuupenyeza kwenye kile kitundu kinachopima petroli ya injini. Kitundu kinakuwa chembamba, gari linakunywa kidogo. Mbarara petroli ipo siku zote, lakini mkono wangu haukuwa umepata habari hiyo. Miezi miwili iliyopita, bila mtu kunishauri, niliupenyeza uzi. Kwenye tambarare za Nakivale gari halikulalamika, nikajiona mjanja.

Fundi aliuvuta kwa koleo ndogo akauinua juani. "Nani aliweka hii?"

"Sijui. Nililinunua hivyo."

Alinitazama kidogo. "Mwenye aliweka hii anaogopa petroli kushinda kifo."

Akapuliza kitundu, akafunga kabureta, tukapanda mlima wa Nyamitanga mara mbili. Gari halikukohoa. Alipofungua plagi tena zilikuwa zimeanza kupata rangi ya udongo, akasema imeshiba. Bado sikuweza kutulia. Alhamisi asubuhi niliwasha gari mara tatu kabla ya kumwita jirani.

Alikaa nyuma na furushi la kitenge mapajani, akalishika njia nzima kwa mikono miwili. Nilikuwa nasikiliza injini. Mkono wangu ulikuwa karibu na choki mlima mzima wa Masha. Sikuigusa. Tulipofika juu nikasikia anashusha pumzi.

"Mlima umeisha, kaka?"

"Umeisha. Kutoka hapa ni kuteremka tu."

Akafungua furushi. Ndani mlikuwa na wembe mpya katika karatasi yake, uzi mweupe, na kitambaa kilichofuliwa.

"Nilikuwa nasikia iyi motokari inakohoa kila asubui," akasema. "Nikasema, kama inatukufia mu njia, tusikose ata wembe."

Wembe ule usingemfaa kitu. Aliyehitaji kisu cha daktari haokolewi na wembe wa dukani, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Siku tatu nzima alikuwa akisikiliza ukutani na kujiandaa kuzalia barabarani, kwa sababu mimi nilitaka kubana petroli.

"Nisamehe, dada," nikamwambia.

Akacheka. Alidhani naomba radhi kwa ajili ya mashimo ya barabara, nami nikamwacha adhani hivyo.